Miguu Chini, Macho Wazi: Maneno Niliyowaambia Akina Mama wa Moshi

Haya niliyasema mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa hapa Moshi, katika zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza Novemba 25 na kuisha Desemba 10. Wengi hawakufika kwa sababu ilikuwa siku ya soko na mvua ilikuwa kubwa, wakaomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Visa nimevibadilisha sura, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole.

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum! Na ambaye salamu yake sijaitaja, habari za mchana.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama, dada zangu, wadogo zangu mliokuja na watoto mgongoni, karibuni sana. Naona na akina baba wachache kule nyuma, karibu na mlango. Msiondoke. Nina neno lenu, ila mtalisubiri.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utufundishe yale mazoezi ya kupumua, yanayotuliza akili." Nitayafundisha, na tutayafanya humu humu. Lakini kabla ya hapo tukubaliane: tunamfundisha nani, na tunamfundisha kwa ajili gani? Maana mazoezi haya nimeyaona yakimsimamisha mtu aliyekuwa amelala chini. Na nimeyaona pia yakitumika kumziba mtu mdomo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa nchi hii wa miaka 15 hadi 49. Katika kila wanawake 100, 27 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hao ni waliokubali kusema. Sasa, ukumbi huu una watu kama mia hivi. Sitaki mtu ageuke kumtazama jirani yake. Tazameni huku mbele, kwangu mimi.

Niwaambie habari za mama mmoja muuza mitumba wa Kiboriloni. Mume wake alikuwa akirudi usiku, na ukisikia pikipiki inazimwa nje ya geti unajua leo kuna kazi. Mama yule akaondoka. Akapanga chumba, akaanza na belo moja la nguo za watoto, likazaa la pili, watoto wakarudi shule. Ukimwona sokoni anavyowaita wateja, anavyocheka, utasema huyu amepona.

Lakini usiku bodaboda ikisimama nje, hata kama imemleta mpangaji wa chumba cha pili, mama yule anajikuta ameshazima taa na amewakumbatia watoto nyuma ya kabati. Hakuamua. Anajikuta yuko pale. Siku moja jirani kaangusha mfuniko wa sufuria, na yeye uji wa moto ukammwagikia mkononi. Dada yake akamwambia, "Wewe nawe! Yule mtu yuko Dar es Salaam, unaogopa nini?"

Anajua yuko Dar. Anajua vizuri kuliko huyo dada yake. Kichwa kinajua, mwili bado haujapata taarifa.

Wahenga waliliona hili zamani wakasema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Tunausema msemo huu tukicheka. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini anashtuka, na kamba anaijua?

Anashtuka kwa sababu ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kuwahi. Haisubiri ushahidi. Ikisikia mlio unaofanana na ule wa siku ile, inaamrisha mwili kabla ya sehemu ya kufikiri haijamaliza kuuliza "ni nini hicho?" Homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasimama kazi. Kwa mtu aliyepigwa mara moja, mwili hushuka taratibu. Kwa mtu aliyepigwa miaka minane, mwili umejifunza kutoshuka. Ndiyo maana halali. Ndiyo maana anafoka kwa watoto halafu analia. Ndiyo maana anasahau deni la juzi kwenye kikundi, nanyi mnasema siku hizi amekuwa mjeuri.

Na kuna jambo lingine la mwili ambalo limewaumiza wanawake wengi, nalo nataka nikae hapo kidogo. Kwenye kikao cha ukoo, kwenye kaunta ya polisi, hata mahakamani, swali la kwanza huwa lipi? Semeni. Ndiyo. "Kwa nini hukupiga kelele?" Kwa nini hukukimbia? Majirani walikuwepo, mbona hawakusikia?

Mwaka 2017 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya Stockholm baada ya kubakwa. Asilimia 70 walieleza kwamba wakati wa tukio mwili uliganda kwa kiwango kikubwa. Mkono hauinuki, sauti haitoki. Hawa ni wanawake wa nchi iliyoendelea, wanaojua haki zao, polisi ni simu moja tu. Waliganda. Na walioganda hivyo ndio waliokuja kusumbuliwa zaidi na kumbukumbu na huzuni miezi iliyofuata. Mnaona? Halafu huyo huyo, juu ya maumivu yake, tunamuongezea swali.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa vikao vya ukoo mliomo humu, na nawajua mpo: lile swali lifuteni. Kelele haikutoka kwa sababu mwili uliifunga. Hakukubali. Mwili uliganda.

Haya. Sasa tufanye kazi.

Kaa unavyopenda. Anayetaka kusimama asimame. Anayetaka kutofanya kabisa asifanye, atazame tu, na mtu asimuulize. Milango ile miwili iacheni wazi. Macho yako yabaki wazi.

Kandamiza miguu yote miwili sakafuni. Sikia sakafu ilivyo ngumu. Wenye viatu virefu, vueni, leo hakuna mashindano. Sasa shika kitu kilicho karibu: pindo la kanga, funguo, ukingo wa benchi. Kina baridi au kina joto? Kinakwaruza? Usikipende wala usikichukie, kishike tu. Sasa tafuta kwa macho vitu vitano vya kijani. Moshi hii, kijani hakikosekani, chungulia hata dirishani. Sasa sikiliza. Ile ni mashine ya kusaga. Na huyo kuku ni wa nani?

Mmecheka. Vizuri, kucheka nako kunatoa pumzi.

Sasa, anayetaka, avute hewa kwa pua, kawaida tu, asijaze kifua. Aitoe polepole, ikawie kutoka kuliko ilivyokawia kuingia. Tena. Tena mara moja. Hewa inapotoka polepole, moyo nao hupunguza mwendo. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili, hakuna uchawi hapo.

Basi, zoezi ni hilo. Mlitegemea kitu kikubwa zaidi, naona kwenye nyuso. Lakini yule mama wa Kiboriloni ndicho alichofanya: pikipiki inazimwa nje, anakandamiza miguu, anashika chuma cha kitanda, anataja kwa sauti ndogo, "hili ni kabati langu, hiki ni chumba changu ninachokilipia mwenyewe, watoto wale pale, leo ni Alhamisi." Mwanzoni bado alijikuta nyuma ya kabati, ndipo anakumbuka kutaja. Baadaye akawa anataja akiwa katikati ya chumba. Sasa mara nyingi anataja akiwa kitandani. Kushtuka bado anashtuka. Ila anarudi haraka, na watoto hawaamki tena.

Nimesema "anayetaka" mara ngapi? Nyingi, na nimekusudia. Mtu aliyefanyiwa ukatili aliondolewa jambo moja kubwa, uwezo wa kusema sitaki. Ukianza kumtibu kwa kumwamrisha, umeendelea pale alipoishia yule aliyempiga.

Kuna dada mmoja alialikwa semina Arusha, sitasema ya nani. Wakatandikiwa mikeka, taa zikazimwa, muziki laini, wakaambiwa laleni chali, fumbeni macho. Mwezeshaji akawa anapita akiwagusa mabega, na nia yake ilikuwa njema tu. Dada yule aliinuka akakimbia hadi barabarani, viatu akaviacha. Na mnajua watu walisema nini? Ana mapepo. Wakamfuata kumwombea.

Jamani. Mtu aliumizwa akiwa amelala chali gizani, leo umemlaza chali gizani. Pepo wa nini?

Kwa hiyo, ninyi mtakaoongoza haya kwenye vikundi vyenu: macho wazi, taa zikiwaka, mlango wazi, usimguse mtu. Na kuhusu pumzi, angalieni sana. Mwanamke aliyewahi kukabwa koo, ukimwambia "sikiliza pumzi yako", unaweza kumrudisha pale pale mikononi mwa aliyemkaba. Huyo mpeni miguu. Mpeni sauti za nje, kitu cha kushika. Akianza kutetemeka au macho yakaenda mbali, acheni zoezi, mwiteni jina lake, mpeni maji, mwambieni yuko wapi na leo ni siku gani. Anayeota matukio kila usiku miezi na miezi, au anayesema heri kufa, huyo si wa mazoezi ya kikundi peke yake. Msindikizeni hospitali, kwa watu wa afya ya akili. Na msindikizeni kweli, msimwelekeze tu njia.

Mtaniuliza, haya mambo yamejaribiwa wapi? Shirika la Afya Duniani liliandaa kozi ya vikao vitano, ya kutulia na kukabili msongo, inayochezwa kwa sauti iliyorekodiwa ili asihitajike daktari kuiongoza. Ikajaribiwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino, kwa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, makundi ya watu 20 hadi 30. Matokeo yalitoka 2020. Baada ya miezi mitatu, waliopitia kozi walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuipitia. Msongo haukwisha, ulipungua. Mimi napenda habari hii kwa sababu wale si watu wa hoteli na mikeka ya yoga. Ni wanawake waliokimbia vita, wanapanga foleni ya maji, wanakaa chini ya turubai, kama mimi na wewe tungekuwa.

Na lile swali ambalo najua mnalo ila mnaona haya kuliuliza: je, hii si dini ya watu wengine? Nijibu bila kuzunguka. Asili yake, ndiyo, ni kwa Wabudha. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, aliyachukua mazoezi yale akayaingiza hospitalini Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu, yakawa kozi ya wiki nane isiyo na ibada ndani yake. Leo tulipokandamiza miguu, tulimwabudu nani? Mwenye rozari ashike rozari yake, asikie kila punje. Mwenye tasbihi ashike tasbihi. Asiyetaka kabisa, nimeshasema, hataki.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mzee mmoja wa heshima zake alimleta mkamwana wake kwa mshauri. Wa Kibosho, watu wazuri. Akasema, "Huyu binti ana hasira, kijana wangu akimgusa kidogo anakimbilia kwao. Nimesikia mnafundisha kutulia. Mfundisheni atulie." Binti alikuwa amefunga kilemba hadi kwenye nyusi. Alipokifungua, jicho moja halikufunguka.

Mnasikia ombi hilo? Mfundisheni atulie.

Na tusimlaumu mzee peke yake. Sisi akina mama, kwenye kicheni pati tunamwambia nini bibi harusi? Kwenye sendofu, tukiwa tumevaa vitenge sare na kamati imependeza, tunamwambia nini? Ndoa ni kuvumilia. Siri ya ndani haitoki nje. Hata mimi mama yako nilipitia. Tunampa masufuria, tunampa blenda, na tunampa hayo. Halafu baada ya miaka mitano tunamwongezea zoezi la kupumua ili avumilie vizuri zaidi. Hapana! Kama ni hivyo, mazoezi haya heri yasingekuja Kilimanjaro.

Pumzi haizuii ngumi. Kukandamiza miguu hakuzuii panga. Mwanamke ambaye bado analala nyumba moja na anayempiga, mwili wake ukikaa macho usiku haujakosea, unamlinda. Huyo kitu cha kwanza ni usalama: nani atampokea usiku, nauli iko wapi, vyeti vya watoto na kadi ya bima vimefichwa kwa nani. Akishakuwa salama, au anapokuwa anapanga kuwa salama, hapo mazoezi yana kazi. Yule binti wa Kibosho alifundishwa kukandamiza miguu, ndiyo. Alifundishwa ili mikono isitetemeke akiwa anatoa maelezo polisi. Na alitoa.

Akina baba, lile neno lenu ndilo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vinginevyo. Ya mwaka 1971! Wengine humu hamjazaliwa. Hiyo hoja ya "mila zetu za Kichaga" ilishajibiwa na Bunge zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Na ninyi mnaomjua rafiki anayepiga, mnakaa naye kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mnajua. Kumwambia si kazi ya mke wake.

Najua pia kinachowazuia akina mama kuondoka. Ni kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba yenu. Migomba umeipanda wewe, ng'ombe wa ndani unamkatia majani wewe, kahawa umechuma wewe, lakini ukitoka unatoka na mfuko wa nguo. Sheria za ardhi za 1999 zinakupa haki sawa ya kumiliki, ila kati ya sheria na kikao cha ukoo kuna mwendo mrefu, na hauutembei peke yako. Kuna wasaidizi wa kisheria, kuna afisa ustawi wa jamii, na hapa hapa Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake tangu miaka ya 1980.

Haya mengine nayapitisha haraka, ila yaandikeni. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi zikichelewa zaidi ya hapo. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku tano, na kila saa ina maana. Asioge kwanza, nguo asizifue, aziweke kwenye mfuko wa khaki, asizitie kwenye plastiki. Polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, atapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Panapokuwa na kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wote anawakuta sehemu moja, hasimulii mara nne. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

Nikirudi kwenye vikundi vyenu. Mnakutana kila wiki, mnafungua sanduku, mnahesabu hisa. Siombi muda mwingi. Kabla ya kufungua sanduku, dakika tano: miguu chini, vitu vitano, pumzi mbili tatu. Wote mfanye, hata ambaye hajawahi kuguswa, ili yule anayehitaji asijulikane kwa kufanya. Wala msiombe mtu asimulie. Mtu anaweza kupona asisimulie kikundi kizima hata siku moja. Akichagua kusimulia kwa mmoja wenu, huyo mmoja asikilize na afunge mdomo wake. Habari ikishafika saluni, hatasema tena, kwenu wala kwa daktari.

Na mfuko wa jamii mlionao, ule wa misiba na wagonjwa, ongezeni jambo moja: nauli ya dharura kwa mwanachama anayekimbia nyumba usiku. Isiulizwe maswali, irudishwe akiweza. Kikundi kimoja cha Pasua wanafanya hivyo, kiasi chenyewe hakizidi bei ya kitenge kizuri.

Maswali nitayajibu sasa kwa muda ambao mwenyekiti atanipa. Mwenye swali lisilofaa kusemwa hadharani, nitakaa jikoni, kule wanakochemsha chai. Kila mtu anaingia jikoni kuchukua kikombe, kwa hiyo hakuna atakayejua umefuata chai au umenifuata mimi. Akina baba, chai yenu italetwa hapa hapa mlipo.